Asia Society, East-West Center, ACC au ASEF: shirika lipi linakufaa?

Ukitafuta shirika la kukusogeza karibu na Asia ukiwa nchi za Magharibi, au karibu na Magharibi ukiwa Asia, utakutana na majina yanayofanana hadi yakuchanganye: Asia Society, Asia Foundation, Asia House, Asian Cultural Council (ACC), Asia-Europe Foundation (ASEF). Yote hayatafuti faida, na yote hujieleza kwa maneno yale yale ya daraja, mazungumzo na maelewano ya tamaduni. Kazi zao, hata hivyo, zimeachana sana. Moja litakukaribisha jioni moja usikilize mjadala na kutazama sanamu za kale za India. Jingine litakupa kitanda bwenini kwa miaka miwili, jirani yako akiwa Mnepali. La tatu litamlipia msanii nauli na posho akae miezi kadhaa mji wa mbali. La nne halipokei maombi ya mtu mmoja mmoja kwa kiasi kikubwa. Kazi yake iko ndani ya wizara, mahakama na shule za Asia.

Nawaandikia hasa wasomaji wa Kiswahili walioko Marekani, Uingereza na Ulaya bara, pamoja na vijana wetu waliozaliwa huko. Wengi wao wana haki ya kuomba nafasi hizi na hawajawahi kuzisikia, kwa kuwa wakiona neno "Asia" hudhani ni mambo ya Wachina na Wajapani peke yao. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Kongo ana milango michache zaidi, na kila nitakapofika kwenye mlango uliofungwa kwake nitasema wazi, asipoteze muda wa kujaza fomu.

Kipimo ninachotumia

Ukiyalinganisha mashirika haya kwa ukubwa wa jina au uzuri wa jengo utapotea. Mimi naangalia mambo mawili. La kwanza, watu wanakutana vipi, na kwa muda gani. Saa mbili za mjadala zina faida yake, lakini haziwezi kufanya kazi ya miezi ya kuishi pamoja, kugawana friji na kuuguzana. La pili, fedha zinatoka wapi. Hilo ndilo huamua nani anaruhusiwa kuomba, na kama nafasi unayoiwania leo itakuwepo mwakani.

Nikiyapanga kwa kipimo hicho, jina maarufu kuliko yote haliji la kwanza.

Nyayo za mtu mmoja

Mashirika matatu makubwa ya New York hayaeleweki vizuri bila kumtaja John D. Rockefeller 3rd, mjukuu wa tajiri wa mafuta mwenye jina hilo hilo. Mwaka 1951, mkataba wa amani na Japani ukiwa unaandaliwa, alifuatana na ujumbe wa mwanadiplomasia wa Marekani John Foster Dulles kwenda Tokyo, yeye akishughulikia upande wa utamaduni. Vita vilikuwa vimekwisha miaka sita tu nyuma, na chuki ilikuwa bado mbichi pande zote mbili. Mwaka uliofuata alishika urais wa Japan Society, chama kilichoundwa New York mwaka 1907 na kusimama kazi Japani iliposhambulia Pearl Harbor. Mwaka 1956 akaanzisha Asia Society. Mwaka 1963 akaunda mfuko wake wa kuwasaidia wasanii, ambao mwaka 1980, miaka miwili baada ya yeye kufariki katika ajali ya gari, ulizaa Asian Cultural Council.

Kwa hiyo mashirika haya matatu ni kazi moja iliyogawanywa mafungu: Japan Society ishughulike na nchi moja kwa kina, Asia Society iufungulie umma bara zima, na ACC imshike mkono mtu mmoja mmoja. Mgawanyo huo upo mpaka leo, na ndio njia nyepesi ya kuchagua kati yao.

Asia Society: mlango mpana

Makao yake makuu yako Park Avenue namba 725, New York, katika jengo la mawe mekundu lililofunguliwa mwaka 1981. Ndani yake kuna jumba la makumbusho, na moyo wa jumba hilo ni vitu vya sanaa karibu 300 ambavyo Rockefeller na mkewe Blanchette walivikusanya wakishauriwa na bingwa wa sanaa ya Asia, Sherman Lee: shaba za Chola kutoka kusini mwa India, kauri za China na Korea, sanamu za Kibuddha za Asia ya Kusini-Mashariki. Shirika linaihesabu Asia kwa upana wake, kuanzia Iran hadi Pasifiki, na lina vituo Houston, Los Angeles, San Francisco, Hong Kong, Manila, Mumbai, Seoul, Sydney na Zürich, miongoni mwa miji mingine.

Kituo cha Hong Kong kinastahili kutazamwa kwa karibu kidogo. Kilijengwa juu ya ghala la baruti la jeshi la Uingereza, kwenye mteremko wa Admiralty, kikafunguliwa mwaka 2012. Daraja la miguu linalounganisha sehemu zake mbili halikunyooshwa. Wasanifu walilipinda ili lisiwasumbue popo walao matunda wanaoishi kwenye miti ya bondeni. Ghala la silaha za mkoloni limegeuka ukumbi wa michoro na mazungumzo, na waliolijenga upya walijali hata waliokuwa wakiishi pale kabla yao. Sijui mfano mzuri zaidi wa shirika la aina hii kufanya kwa vitendo kile linachokihubiri.

Kwa upande wa sanaa, Asia Society imewahi kufanya mambo makubwa. Mwaka 1998, ikishirikiana na kituo cha sanaa ya kisasa cha P.S.1 cha New York, iliwaonyesha Wamarekani sanaa mpya ya Wachina kwa wingi ambao hawakuwa wameuzoea, wakati makumbusho mengi ya Magharibi bado yalidhani sanaa ya China iliishia kwenye vyungu vya enzi ya Ming.

Kwa upande wa siasa, mwaka 2014 iliunda taasisi yake ya sera, na Kevin Rudd, waziri mkuu wa zamani wa Australia anayezungumza Kichina, akawa kiongozi wake. Baadaye Rudd aliongoza shirika zima hadi mwaka 2023, alipokwenda kuwa balozi wa Australia mjini Washington. Hapo unaona nguvu yake na udhaifu wake kwa pamoja. Nguvu ni kwamba ukikaa kwenye ukumbi wake utawasikia watu wanaofanya maamuzi. Udhaifu ni kwamba wao wako jukwaani na wewe uko kitini. Mjadala ukiisha mnapiga makofi, mnanyanyuka, na huenda usijue jina la aliyekaa kushoto kwako.

Faida yake kubwa ni kwamba haikuulizi pasipoti. Mtanzania anayesomea Houston, Mkenya anayeendesha teksi New York, yeyote anaweza kuingia. Mijadala mingi huwekwa pia kwenye intaneti bila malipo, kwa hiyo mwalimu wa historia aliyeko Mwanza au Bujumbura anaweza kuitumia darasani akiwa na simu na bando. Ukiishi mji wenye kituo, ushauri wangu ni kuacha ile mijadala mikubwa ya majina makubwa na kufuata warsha ndogo, madarasa ya familia na kazi za kujitolea. Huko ndiko watu huzungumza.

Japan Society na China Institute: nchi moja, lugha yake

Hapa nitapita haraka. Ukishajua kwamba unaitaka Japani, usiende Asia Society. Nenda Japan Society. Jengo lake la mwaka 1971 karibu na makao makuu ya Umoja wa Mataifa lilisanifiwa na Yoshimura Junzo, na ndani yake kuna sinema, tamthilia, maonyesho na, muhimu kuliko yote, madarasa ya Kijapani. Ukiitaka China, China Institute iko New York pia. Iliundwa mwaka 1926 na wasomi akiwemo mwanafalsafa John Dewey na mwanafunzi wake Hu Shih, kwa fedha zilizotokana na fidia ambayo China ililazimishwa kulipa baada ya vita vya Mabondia, yaani uasi wa Wachina dhidi ya wageni mwaka 1900, na ambayo Marekani iliirudisha. Fedha za aibu zilipata kazi ya heshima. Mashirika yote mawili hufundisha lugha, na kwa maoni yangu darasa la lugha la kila wiki kwa mwaka mzima linashinda mijadala yote ya mwaka huo huo. Ni mkutano mrefu, unaomlazimisha mtu mzima kukosea mbele ya wengine na kusahihishwa na mwalimu aliyetoka upande wa pili.

Asian Cultural Council: kwa msanii na mtafiti wa sanaa

ACC haina ukumbi wa kujaza. Inatoa ruzuku. Msanii wa Asia anapelekwa Marekani, Mmarekani anapelekwa Asia, na siku hizi Mwasia anaweza pia kupelekwa nchi nyingine ya Asia. Mbali na New York ina ofisi Tokyo, Taipei, Hong Kong na Manila. Murakami Takashi na Cai Guo-Qiang, ambao leo kazi zao ziko kwenye makumbusho makubwa duniani, wote wawili walifika New York miaka ya 1990 kwa msaada wake, kabla majina yao hayajajulikana huko.

Ninachokipenda ni namna inavyomwamini mtu. Lengo la ruzuku ni kuona, kujifunza na kukutana na wenzako, si lazima urudi na onyesho lililokamilika. Mpiga ngoma wa Kimarekani anaweza kwenda Java kukaa na walimu wa gamelani, muziki wa magongo wa huko, na asirudi na albamu. Wafadhili wengi hawana subira hiyo. Wanataka picha za kuweka kwenye ripoti.

Kwa Mswahili mwenye uraia wa Marekani au ukazi wa kudumu, hasa mwanamuziki, mchoraji, mcheza ngoma au mhifadhi wa majengo, hili ndilo shirika la kuanza nalo. Sisi watu wa pwani tuna jambo la kusema hapa: mtu anayesoma taarabu, ala zake na njia zilizofika kwetu kupitia Bahari ya Hindi anaweza kuandika ombi lenye nguvu la kwenda kujifunza muziki wa Asia, na si la kubuni. Kwa mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki anayeishi nyumbani, mlango huu umefungwa.

East-West Center: ninaloliweka mbele

Kituo hiki kiko Honolulu, Hawaii, pembeni mwa Chuo Kikuu cha Hawaii pale Manoa. Bunge la Marekani lilikianzisha mwaka 1960, Lyndon Johnson akiwa miongoni mwa waliokisukuma bungeni, na majengo yake makuu yakasanifiwa na I. M. Pei, mzaliwa wa China aliyekuwa raia wa Marekani. Mwaka 1975 kikatenganishwa na chuo kikuu na kuwa shirika la umma lisilotafuta faida, lenye bodi ya wajumbe kutoka nchi mbalimbali. Bustani ya Kijapani iko nyuma ya jengo moja, na banda la Kithai lililotolewa na mfalme Bhumibol liko jirani. Hayo ni mapambo. Kitu chenyewe ni bweni.

Bweni linaitwa Hale Manoa. Wanafunzi wa shahada za juu kutoka Marekani, Asia na visiwa vya Pasifiki wanaishi humo wakisoma chuo kikuu cha jirani, na majiko yake ni ya pamoja. Fikiria jiko hilo saa moja jioni. Mkorea anakaanga, Mbangladeshi anasubiri wali uive, Mmarekani wa Iowa hajui vile vyungu ni vya nani, na Mfiji ndiye anayemwelekeza. Kuna asiyekula nguruwe, kuna asiyekula ng'ombe, kuna asiyekula chochote chenye damu, na sufuria ni zile zile. Hakuna msimamizi wa kuongoza mazungumzo. Wakishindwa kuelewana kuhusu sufuria, chakula hakiivi. Watu wakiishi hivyo miaka miwili, huku wakikutana pia kwenye semina ya kila Jumatano jioni, wanajuana kwa namna ambayo hakuna ukumbi wa Park Avenue utakaoweza kuwapa.

Wasomaji wa Kenya wana sababu ya kulijua eneo hili. Barack Obama mkubwa, Mjaluo kutoka Nyanza, alifika Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1959, kabla kituo hakijaanzishwa, na mwaka 1960 alikutana na Ann Dunham kwenye darasa la Kirusi. Baada ya ndoa yao kuvunjika, Ann aliolewa na Lolo Soetoro, Mwindonesia aliyeletwa Honolulu mwaka 1962 kwa ufadhili wa East-West Center. Ann mwenyewe baadaye alifadhiliwa na kituo hicho alipokuwa akisomea anthropolojia, na tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1992 ilihusu wahunzi wa vijijini Java. Rais wa Marekani mwenye baba wa Kenya aliishi utotoni Jakarta kwa sababu ya mkutano uliofanyika kwenye eneo hili. Huwezi kuuandika mkutano wa namna hiyo kwenye mpango kazi wa shirika, lakini unaweza kujenga mahali ambapo hutokea.

Ufadhili wa shahada za juu uko wazi kwa raia wa Marekani, wa nchi za Asia na wa Pasifiki. Kijana wa Minneapolis aliyezaliwa na wazazi kutoka Mombasa anaruhusiwa. Ndugu yake aliyebaki Mombasa haruhusiwi. Waandishi wa habari nao wana programu yao ya muda mfupi, ya tangu mwaka 1967, inayowachanganya Waasia na Wamarekani na kuwasafirisha pamoja.

Tatizo la kituo hiki ni mfuko. Kimezaliwa na serikali na sehemu kubwa ya uhai wake bado inatoka serikalini. Mtegemea cha nduguye hufa maskini: bajeti za serikali ya Trump zimependekeza zaidi ya mara moja kukifutia fungu lake, na mwaka 2025 kililazimika kupunguza wafanyakazi. Wanaotaka kuomba wasiache kwa sababu hiyo. Waulize mapema, kwa barua pepe, ufadhili wa mwaka husika unagharimia nini hasa: ada yote au sehemu, chumba, posho, tiketi, bima ya afya. Na wawe na mpango wa pili.

ASEF: Asia na Ulaya, bila Marekani

Asia-Europe Foundation iko Singapore. Iliundwa mwaka 1997, mwaka mmoja baada ya wakuu wa nchi za Asia na Ulaya kukutana Bangkok na kuanzisha mkutano wao wa kudumu, ASEM. Nchi 51, pamoja na Umoja wa Ulaya na sekretarieti ya ASEAN, jumuiya ya nchi za Asia ya Kusini-Mashariki, ni wanachama, na serikali zao ndizo huichangia. Marekani haimo. Hiyo ni tofauti kubwa na mashirika yote niliyoyataja juu, na kwa baadhi ya watu ni sababu tosha ya kuichagua. Kwenye mashirika ya Marekani, Magharibi huwa na sura moja. Kwenye chumba cha ASEF, Mreno, Mfini na Mromania wanagundua kwamba wao wenyewe hawaelewani vizuri, na Mwindonesia na Mmongolia vilevile.

Programu zake ni fupi. Vijana hukusanywa kwa siku au wiki chache kutatua tatizo moja la mji fulani, walimu wa sekondari wa mabara mawili huunganisha madarasa yao kwenye miradi ya mtandaoni, waandishi wa habari hukutana pembeni mwa mikutano ya mawaziri. Nikitumia kipimo changu cha muda, ASEF haishindi. Vijana huondoka na tamko la kurasa kadhaa, na matamko hayana msomaji. Ninaiheshimu hata hivyo kwa mambo mawili. Ule mradi wa kuunganisha madarasa unawafikia wanafunzi ambao hawatawahi kupanda ndege. Na tovuti yake ya sanaa, culture360, hutangaza nafasi za ruzuku na makazi ya wasanii kutoka kwa watoaji wengi, bila kumzuia yeyote kusoma. Msanii wa Nairobi au Lubumbashi atakuta humo matangazo mengi yasiyomhusu, na machache yanayomhusu.

Wenye pasipoti za Uholanzi, Sweden, Ujerumani, Uingereza au nchi nyingine mwanachama wanaweza kuomba programu za vijana, bila kujali wazazi wao walitoka wapi. Tumieni haki hiyo.

Asia Foundation, na swali la nani analipa

Jina lake linaliweka kundi moja na mengine, lakini hili ni shirika la maendeleo. Makao yake ni San Francisco, na tangu mwaka 1954 limefanya kazi ndani ya nchi za Asia kuhusu sheria, uchaguzi, elimu na haki za wanawake. Limegawa vitabu vingi sana mashuleni, na siku hizi lina maktaba ya kidijiti ya hadithi za watoto kwa lugha nyingi za Asia. Usiliombe safari, maana hiyo haikuwa kazi yake kuu.

Ninalileta hapa kwa ajili ya historia yake. Lilitanguliwa na kamati ya mwaka 1951 iliyoundwa kupambana na ukomunisti, na kwa miaka mingi lilipokea fedha kwa siri kutoka CIA, mpaka mambo yalipofichuka mwaka 1967. Waalimu, waandishi na wanafunzi wa Asia waliopokea vitabu na ruzuku hawakujua. Baada ya hapo shirika lilibadili vyanzo vyake na kuendelea kwa uwazi, na kazi yake ya leo ihukumiwe kwa inavyoonekana leo. Lakini aliyepewa zawadi kwa jina la urafiki, kisha akaambiwa miaka baadaye kwamba zawadi ilitoka kwa majasusi, ana haki ya kutoamini zawadi inayofuata. Maelewano ya watu wa mataifa mawili yakijengwa juu ya fedha iliyofichwa, hubomoka siku fedha ikijulikana, na hubomokea hata waliokuwa na nia safi.

Upande wa pili wa shilingi ni Kamati ya Taifa ya Uhusiano wa Marekani na China, iliyoundwa mwaka 1966. Mwezi Aprili 1972, Marekani na China zikiwa hazina ubalozi kwa mwenzake, kamati hiyo isiyo ya serikali ilikuwa miongoni mwa wenyeji wa timu ya China ya tenisi ya meza ilipozunguka miji ya Marekani. Miezi michache kabla, Oktoba 1971, China ilikuwa imekalia kiti chake Umoja wa Mataifa kwa kura ambayo Tanzania, ikiwakilishwa na Salim Ahmed Salim, iliipigania kwa nguvu zote. Serikali zikiwa bado zinatafuta maneno, shirika la raia liliweza kuwapokea wageni uwanja wa ndege, kuwalisha na kuwapangia mechi. Hilo ndilo jambo ambalo shirika lisilo la serikali hulifanya vizuri kuliko ubalozi, na ndiyo sababu inafaa lisiwe kivuli cha ubalozi.

Kwa vijana wanaomaliza chuo

Marekani ina mipango mingine mitatu ambayo kwa muda wa kukaa inashinda karibu yote. Princeton in Asia ya mwaka 1898 na Yale-China ya mwaka 1901 zilianza na roho ya umisionari; leo hupeleka wahitimu Asia kufundisha na kufanya kazi, mwaka mmoja au miwili. Kazi ya Yale-China mjini Changsha iliacha hospitali na chuo cha udaktari ambavyo bado vinatibu na kufundisha. Luce Scholars, ulioanza mwaka 1974, ni wa namna ya pekee: unawatafuta kwa makusudi Wamarekani ambao hawakusomea mambo ya Asia, unawafundisha lugha na kuwaweka kazini huko kwa takriban mwaka. Muuguzi, mhandisi au mwanasheria kijana ambaye hajawahi kufikiria Asia ndiye hasa anayetakiwa. Nafasi ni chache mno kila mwaka, na ushindani ni mkali.

Uingereza, mwenye uraia na umri mdogo atazame Daiwa Anglo-Japanese Foundation ya mwaka 1988. Ufadhili wake unaanza na masomo ya Kijapani, unafuatiwa na kukaa na familia ya Kijapani, kisha kazi kwenye taasisi ya fani yako, jumla miezi 19. Kwa mtu anayestahili kuomba, sijaona mpango bora zaidi upande ule wa Atlantiki. Asiyeweza kusafiri ana Japan Society ya London, ya tangu mwaka 1891, na chama cha maelewano kati ya Waingereza na Wachina, SACU, kilichoundwa mwaka 1965 chini ya uongozi wa Joseph Needham, mwanasayansi wa Cambridge aliyetumia maisha yake kuwaonyesha Wazungu ukubwa wa sayansi ya China. SACU ni chama kidogo, hakina jengo la kifahari, na ni cha wanachama wa kawaida. Kwa familia inayotaka kuzoeana na watu badala ya kuhudhuria matukio, udogo huo ni faida.

Nani aende wapi

Mwenye uraia wa Marekani anayetaka shahada ya uzamili aombe East-West Center, akiwa ameuliza habari za fedha kwanza. Msanii aombe ACC. Mhitimu asiye na uzoefu wa Asia ajaribu Luce, na akikosa aende Princeton in Asia. Mzazi mwenye watoto New York au Houston awapeleke Asia Society kwenye siku za familia, halafu mkubwa wao aandikishwe darasa la lugha; kati ya hayo mawili, akilazimika kuchagua moja, achague darasa. Kijana wa Ulaya aombe ASEF akijua ni kionjo, kisha atafute jambo refu zaidi. Mwalimu aliyeko Afrika Mashariki, ambaye pasipoti yake haifungui nyingi ya nafasi za kusafiri nilizozitaja, atumie mijadala na vielelezo vya bure vya mtandaoni, na asilipe mtu yeyote anayedai kumtafutia nafasi kwenye mashirika haya kwa ada. Maombi hufanyika kwenye tovuti zao wenyewe.

Wengine hawataki nafasi, wanataka kuchangia. Kwa mashirika ya Marekani yaliyosamehewa kodi, omba au tafuta mtandaoni fomu yao ya kila mwaka ya mamlaka ya kodi, iitwayo 990. Sheria inawataka waionyeshe kwa umma. Humo utaona mapato yao, mishahara ya viongozi, na kiasi kilichokwenda kwenye programu zenyewe. Kwa ya Uingereza, daftari la Charity Commission liko wazi kwa kila mtu, lenye hesabu za kila mwaka. Soma miaka mitatu mfululizo, kwa kuwa mwaka mmoja unaweza kudanganya, na angalia kama ruzuku kwa watu zinapanda au zinashuka wakati gharama za hafla na ofisi zinapanda. Mimi ningepeleka mchango wangu, hata uwe mdogo, kwa shirika ambalo safu ya ruzuku na malazi ya watu ni nene kuliko safu ya hafla.